Maswali na majibu: Kabati la kioo lisubiri

SWALI: Maktaba yetu imepata skana kubwa na fedha za miaka miwili. Tuanze na vitabu vyetu vikongwe?

JIBU: Kila anayepata skana hukimbilia kabati la kioo. Kitabu kilichochapwa mwaka 1750 kwenye karatasi ya matambara kimeshaishi kuliko babu zetu wote, na kikikaa pakavu kitatuzika na sisi. Tena huenda maktaba nyingine kumi zinacho, na mojawapo imeshakiskani, tafuteni kwanza.

Kabla ya kuwasha mashine ulizeni: kitu hiki kiko kwetu tu? Kilichokibeba kinakufa? Mashine ya kukisomea bado inapatikana? Mkiwa na kanda za mahojiano ambazo hazikuwahi kutolewa popote, majibu yote matatu ni mabaya. Gundi inayoshika chembe za sumaku huvuta unyevunyevu, ikalainika, kanda ikaanza kunata kwenye mashine. Mashine zenyewe ndizo hizo zinazoishia: Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kwa kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya mwaka 2015 kwamba kanda zisizohamishwa kufikia 2025 nyingi zitapotea. Piga hesabu mwenyewe, kisha uniambie kama bado unataka kuanza na vikongwe.

SWALI: Tukishaskani magazeti, tunaweza kutupa karatasi?

JIBU: La. Na aliyekushauri hivyo asikabidhiwe funguo za ghala.

SWALI: TIFF au PDF?

JIBU: Hili nimelijibu mpaka nimechoka. TIFF, faili la picha lenye ubora kamili, kwa nakala mama; PDF/A, yaani PDF ya kuhifadhiwa muda mrefu, kwa hati za kusomwa. Hiyo PDF/A imekuwa kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2005. Ajabu ni kwamba hakuna anayeuliza habari za majina ya faili. Niliwahi kuletewa diski iliyojaa picha safi kabisa, zote zikiitwa IMG na namba. Nani yuko pichani, wapi, lini, nani alipiga? Mfanyakazi aliyejua alikuwa ameshastaafu. Kuskani bila maelezo ni kuteka maji kwa pakacha.

SWALI: Tumerithi flopi (zile diski ndogo za kompyuta za zamani) na barua pepe za mwandishi aliyefariki. Si zinaweza kungoja, maadamu tayari ni za kidijitali?

JIBU: Hizo ndizo za kwanza kwenye foleni! Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, ile sensa ya mali ya Uingereza ya mwaka 1086, kwa kutoa toleo jipya kwenye diski za leza. Miaka kama 15 baadaye wataalamu walikuwa wakihangaika kutafuta mashine za kuzisomea. Kitabu chenyewe cha 1086, kilichoandikwa kwenye ngozi, kinafunguliwa na kusomwa mpaka leo.

Msizifungue hizo flopi kwa udadisi, maana kompyuta inaweza kubadilisha tarehe za faili mkiangalia tu. Tumieni kifaa kinachozuia kompyuta kuandika chochote kwenye diski, mnakili diski nzima kama ilivyo, ndipo mfanyie kazi nakala. Na zungumzeni na familia mapema. Ndani ya barua pepe za marehemu mna siri za watu walio hai.

SWALI: Nakala moja kwenye wingu, yaani hifadhi ya kukodi mtandaoni, inatosha?

JIBU: Nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja iwe mbali. Mimi naongeza: mojawapo isiwe imeunganishwa na mtandao wowote. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilivamiwa na wadukuzi Oktoba 2023, na katalogi yake kuu ilirudi mtandaoni Januari 2024, tena ya kutafutia tu. Kila faili ikiingia, ipigiwe namba ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, kwa njia kama SHA-256, na namba hiyo ikokotolewe upya kila mwaka; isipolingana, faili imeharibika hata kama inafunguka. Kuhusu wingu, soma mkataba uone gharama ya kutoa vitu vyako siku ukitaka kuhama.

SWALI: Mkuu wangu anadai idadi ya kurasa zilizoskaniwa kila mwezi. Nifanyeje?

JIBU: Mpe idadi yake. Pembeni weka safu mbili ambazo hakuziomba: faili ngapi zimehakikiwa mwezi huu, na fedha kiasi gani zimetengwa kwa mwaka wa sita, fedha za miaka miwili zikiwa zimeshaisha. Wafadhili wa kununua skana nimewaona wengi. Wa kubadilisha diski za seva, bado namtafuta wa kwanza.