Jibu: Redio ya chuo na ukurasa wa wanafunzi vinasaidia kupata kazi ya mitandaoni?

Ndugu, umeuliza kama redio ya chuo, picha za mahafali na ukurasa wa serikali ya wanafunzi vinahesabika unapoomba kazi ya mitandaoni. Vinahesabika sana, hasa redio: aliyezoea kukata mahojiano ya nusu saa yabaki dakika mbili hasumbuki na video fupi.

Chagua kazi tatu tu za kumwonyesha mwajiri, na kila moja ieleze wewe mwenyewe ulifanya nini. Video iwe wima, pikseli 1080 kwa 1920. Maandishi yasikae chini kabisa, yatafunikwa na maelezo ya TikTok. Wengi huangushwa na kiungo cha kazi zao kwenye Google Drive kilichofungwa, mwajiri asiweze kukifungua, kwa hiyo kijaribu kwenye simu ya mwenzako. Takwimu za ukurasa zihifadhi leo, kabla hujakabidhi nywila kwa viongozi wapya.