Wasomaji Wanauliza: Kiwanja Hiki Kilikuwa Nini Zamani?

SWALI: Ndugu mhariri, ushirika wetu unataka kununua nusu ya kitalu katikati ya mji: maduka manne na ua wa nyuma uliomwagwa zege. Hati miliki ni safi, lakini mhandisi anataka tumletee historia ya matumizi ya ardhi kabla ya kuanza kuchimba. Tunaanzia wapi?

JIBU: Hati haitawatosha kujua kama udongo umechafuliwa na kemikali. Hati inataja mwenye mali, na mara nyingi aliyemwaga kemikali ni mpangaji ambaye jina lake halimo. Hata hivyo isomeni hadi aya ya mwisho. Pale Love Canal, Niagara Falls, Marekani, kampuni iliyokuwa imefukia maelfu ya tani za taka za kemikali ilikabidhi eneo kwa bodi ya shule mwaka 1953 kwa dola 1, na onyo kuhusu taka hizo liliandikwa ndani ya hati yenyewe. Shule ilijengwa. Mwaka 1978 serikali ilitangaza hali ya dharura na familia zikahamishwa.

Chukueni karatasi pana, mchore jedwali: miaka ikishuka pembeni, namba za viwanja zikipangwa kwenye mstari wa juu. Anzeni na leo, mrudi nyuma mpaka mfike siku ardhi ilipokuwa shamba au pori. Kigezo cha Marekani cha kukagua historia ya ardhi, ASTM E1527-21, kinataka urudi hadi matumizi ya kwanza ya kuendeleza ardhi au hadi mwaka 1940, lolote lililotangulia. Ni kipimo kizuri hata mahali ambapo kigezo hicho hakitumiki.

Kwa kitalu cha mjini, chanzo bora ni ramani za bima ya moto, mahali zilipochorwa. Kampuni ya Sanborn ilianza kazi hiyo Marekani mwaka 1867, na Goad ikachora miji ya Kanada na Uingereza. Aliyezichora alitaka kujua nini kitashika moto, ndiyo maana utakuta tangi la petroli, boila, stoo ya rangi na injini vimewekwa mahali pake hasa. Za Sanborn kwa kawaida zilikuwa za kipimo cha futi 50 kwa inchi 1, na rangi zilionyesha aina ya jengo: waridi ni matofali, manjano ni mbao. Angalieni pia karatasi zilizobandikwa juu ya ramani ya zamani kuonyesha mabadiliko, kwa sababu mwaka wa jalada si lazima uwe mwaka wa kila jengo.

Baada ya hapo, tafuteni madaftari ya anwani za mji, yale yanayoorodhesha biashara kwa mtaa na namba. Pitieni toleo moja kwa kila miaka 5 hivi; mkiona biashara ya kutiliwa shaka, someni mwaka kwa mwaka mpaka mjue ilipoingia na ilipotoka. Picha za anga zinaonyesha kilichokuwa uani: mapipa, magari mabovu, bwawa lililofukiwa. Ombeni jozi ya picha zinazopishana ili mtazame kwa stereoskopu, kifaa kinachofanya picha mbili zionekane kama kitu chenye kina; shimo na rundo huonekana wazi. Msisahau faili za vibali vya ujenzi na za zimamoto, kwani kibali cha tangi la mafuta mara nyingi hulala huko baada ya kila mtu kulisahau tangi lenyewe.

Kazi hii huharibikia zaidi kwenye namba za nyumba. Miji hubadilisha namba na majina ya mitaa, na kiwanja cha kona huwa na anwani mbili. Mkitafuta anwani ya leo peke yake mtapata ukurasa mtupu, mkadhani ardhi haina doa.

SWALI: Tumepata drai klina (duka la kusafisha nguo kwa kemikali) iliyokaa miaka 12, kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, na kiwanda kidogo cha uchapaji. Kipi kibaya zaidi?

JIBU: Drai klina, bila kusita, kama nguo zilifuliwa hapo hapo na hapakuwa mahali pa kupokelea tu. Hakikisheni hilo kwanza: kibali cha boila, au mashine iliyochorwa kwenye ramani, vitawaambia.

Kiyeyusho kilichotumika sana kusafishia nguo ni perkloroethilini. Ni nzito mara 1.6 kuliko maji, hivyo ikivuja hupenya ufa wa zege na maungio ya bomba la maji taka, ikapita hata ndani ya maji ya chini ya ardhi na kuzama mpaka ikutane na udongo usiopitisha. Huko hukaa miongo. Pasipo na hewa, bakteria huigeuza hatua kwa hatua, na mojawapo ya mazao ni vinili kloraidi, inayosababisha saratani. Mvuke wa kemikali hizi hupanda na kuingia majengoni kupitia sakafu, hata jengo la jirani. Wekeni alama mahali mashine ilipokaa, mlango wa nyuma ambako vichungio vilitupwa, na njia yote ya bomba la maji taka.

Petroli ni nyepesi. Huelea juu ya maji ya chini ya ardhi, na bakteria wa udongo huila polepole. Cha kuhofia ni benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli, na katika vituo vya zamani, madini ya risasi. Kituo kikiwa upande ambao maji hutoka kuja kwenu, kihesabuni kama kiko ndani ya kiwanja chenu. Uchapaji huacha madini ya risasi ya herufi za kuchapia na viyeyusho vya kusafishia mitambo.

SWALI: Tukitembelea eneo, tuangalie nini?

JIBU: Kiraka cha mstatili kwenye zege, kifuniko cha chuma kisichoeleweka kazi yake, bomba jembamba linalopanda ukutani bila kuungana na kitu (huenda ni la kupumulia tangi), transfoma kuukuu, madoa karibu na mifereji, na udongo wenye chembe za buluu iliyokolea, ambayo ni dalili ya taka za kiwanda cha gesi ya makaa zenye sianidi. Msiuguse kwa mikono.

SWALI: Muuzaji anasema udongo ulishapimwa: sampuli 5, zote safi.

JIBU: Mwombeni ramani ya mahali zilipochukuliwa, kina chake, na orodha ya kemikali zilizopimwa. Sampuli 5 za nusu mita kwenye ua hazisemi lolote kuhusu kiyeyusho kilichozama chini ya duka. Jedwali lenu ndilo lichague matundu yachimbwe wapi. Kwa duka lililokuwa drai klina, daini gesi ya udongo ipimwe chini ya sakafu, pamoja na maji ya chini ya ardhi. Na katika ripoti, miaka ambayo hamkupata rekodi iandikwe hivyo hivyo, "hakuna rekodi". Kati ya ramani ya 1950 na ya 1970, gereji inaweza kufunguliwa, kuzika tangi na kufungwa.