Kumuuguza Mke Nyumbani na Kukosa Ijumaa

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Niko Mombasa. Mke wangu amepata kiharusi, upande wa kulia umepooza, na ametoka hospitali na mpira wa mkojo. Watoto wako mbali, namhudumia peke yangu. Nimekosa Ijumaa tatu. Wenzangu wananiambia kumsafisha mke ni kazi ya wanawake, na aliyeacha Ijumaa tatu moyo wake umepigwa muhuri. Je, ni kweli? Na yeye aswali vipi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Pole sana, Mwenyezi Mungu amponye mkeo. Swali lako limeniuma, kwa kuwa umelaumiwa kwa Hadithi iliyokatwa. Katika Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amemtaja anayeacha Ijumaa tatu "kwa kuzipuuza". Wewe umepuuza nini? Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj amehesabu miongoni mwa nyudhuru za kuacha sala ya jamaa kumuuguza mgonjwa asiye na wa kumwangalia, au anayeliwazika kwa kuwa nawe. Udhuru huo unaifikia Ijumaa pia. Utaswali Adhuhuri, rakaa nne.

Na hilo la "kazi ya wanawake" nani kawafundisha? Sayyidna Uthman alikosa vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, kwa kumuuguza mkewe Ruqayya, na Mtume akamwambia ana ujira na fungu la mtu aliyehudhuria. Imo katika Bukhari. Kama kukosa Badr kwa ajili ya mke mgonjwa hakukumpunguzia daraja, anayekudharau kwa kubadilisha nepi anasimama wapi? Baina ya mume na mke hakuna sitara inayokuzuia kumwosha.

Yeye sala haijamwondokea maadamu akili yake ipo. Asipoweza kuswali ameketi, ataswali amelala kwa ubavu. Ubavu wa kulia ndio bora, lakini ndio uliopooza, basi mlaze wa kushoto. Kwenu kibla ni kaskazini: kichwa chake kiwe magharibi, miguu mashariki, uso utaelekea kibla. Aashirie kwa kichwa, sijida chini zaidi ya rukuu. Akisahau rakaa, mkumbushe.

Wakati ukishaingia, mwage mkojo ulio katika mfuko wa mpira, msafishe kuanzia mbele kwenda nyuma, mtawadhishe, aswali papo hapo. Mkojo unaoendelea kutiririka mpirani haumharibii sala. Maji yakimdhuru, mpige tayamamu kwa udongo safi wenye vumbi. Akielemewa, akusanye Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha; Nawawi ameitia nguvu rai hiyo kwa mgonjwa.

Udhu wako, kwa madhehebu yetu ya Shafi, unatenguka ngozi yako ikigusa ngozi yake. Vaa glavu na mikono mirefu, au swali kwanza ndipo umhudumie. Mkojo ukikurukia, osha mahali pale tu.

Sasa uuguzaji wenyewe, maana mwili wake ni amana. Mgeuze kila saa mbili, usiku pia. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Kagua kiuno na matako kila siku: ngozi iliyobadilika rangi, yenye joto au ngumu, isiyopauka ukiibonyeza, kidonda kimeshaanza, asilalie tena hapo. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega huteguka. Mlishe akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, umngoje ameze, kisha ukague shavu lililolegea, chakula hubaki humo kikamwingia kwenye njia ya hewa baadaye. Asilazwe kabla ya nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, acha, muulize daktari. Mfuko wa mkojo uwe chini ya kibofu daima, usiuweke kitandani hata unapomgeuza, mkojo ukirudi huleta maambukizi. Homa, mkojo wenye damu, au mfuko kubaki mkavu kwa saa kadhaa: mrudishe hospitali siku hiyohiyo.

Ukipata jirani au shemeji wa kukaa naye Ijumaa, saa sita na nusu mpaka saba na nusu, mwonyeshe haya, na mkeo akiridhika nenda. Asipopatikana, au mkeo akiingiwa na hofu ukitoka, baki naye. Wallahu aalam.