Sisimizi wa shinani ndiye huyohuyo wa kwenye sukari?

SWALI: Maji moto (sisimizi wa mitini wanaoshona viota vya majani) wanapungua kwenye mikorosho yangu, na mashinani wamejaa sisimizi wadogo wa kahawia. Nyumbani wapo wanaofanana nao kwenye sukari. Ni wamoja? (Mkulima, Newala)

JIBU: Huenda si wamoja, na kwa mkulima wa korosho tofauti hiyo ni kubwa. Maji moto wanakulindia mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi), na adui wao mkubwa ni Pheidole megacephala, sisimizi wa kahawia anayejenga ardhini, mara nyingi kwenye mashina. Rangi isikuongoze: sisimizi mchanga huwa amepauka hata kama wenzake wameiva.

Ili kuwatambua, asubuhi, jua halijawa kali, weka dagaa mmoja juu ya jani shinani. Baada ya nusu saa wakung'utie sisimizi waliokuja kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 70. Chukua 20 au zaidi, kisha fukua kidogo kiotani upate na askari, wale wenye vichwa vikubwa. Wengi huleta wawili watatu, wote vibarua (wafanyakazi wadogo), na hapo ndipo utambuzi hukwama. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.

Mlaze sisimizi ubavu kwenye karatasi nyeupe, umtazame kwa lenzi ya kukuza mara 20. Anza na kiuno. Pheidole ana vifundo viwili. Yule mdogo wa jikoni mwenye kichwa cheusi na tumbo lililopauka, Tapinoma melanocephalum, ana kimoja tu, tena kimefunikwa na tumbo.

Wanaochanganya hasa ni Monomorium wa majumbani. Nao wana vifundo viwili, na vipapasio vya pingili 12 vinavyoishia na rungu la pingili 3, sawasawa na Pheidole. Hapo kagua mgongo wa kifua, mwishoni kabisa kabla ya kiuno: Pheidole ana vimwiba viwili vifupi, Monomorium hao hawana. Tochi imulike kutoka ubavuni, kwani mwanga wa juu huvipoteza vimwiba hivyo. Miguu ikiwa imejikunja, ivute kwa sindano.

Askari humaliza ubishi. Kibarua wa Pheidole ana milimita 2 hivi. Askari hukaribia mara mbili ya hapo, kichwa kikubwa chenye umbo la moyo, mbele kina mistari, nyuma laini kinang'aa. Monomorium wa sukari wote ni saizi moja.

Ukibaki na shaka, peleka kichupa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, Mtwara. Kwa sasa usipulize dawa shinani, maana itawaua na maji moto waliobaki.