Shangazi, kelele za stendi zinanimaliza. Udongo utanisaidia?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nakata tiketi stendi ya mabasi hapa Morogoro. Honi, wapiga debe, spika za wauza dawa, vyote vinaniingia mwilini. Jioni nikifika nyumbani sitaki hata kusemeshwa. Mtu akinigombeza kidogo, machozi haya hapa, na ndugu zangu wananiita "yai". Rafiki yangu kaniambia nijaribu kufinyanga, eti kunatuliza. Mimi hata kuchora sijui, na sipendi vitu vya kunata mikononi. Nijaribu, au nitajiongezea kazi?*
*Mwepesi wa Machozi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimezima redio, maana na mimi ni mwenzako. Harusini hukaa karibu na mlango, mbali kabisa na spika.

Hilo la "yai" waambie waache. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alianza kuandika juu ya watu wa namna yetu miaka ya 1990, na anasema ni maumbile ya kuzaliwa nayo, si ugonjwa. Mtu wa hivi hupokea mengi kuliko wenzake: sauti, mwanga, hata sura ya mtu aliyenuna. Ndiyo maana huchoka mapema.

Sasa udongo. Mimi nilifundishwa na mama mkwe, Mkisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa. Kwao wafinyanzi ni wanawake, na vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi kupelekwa soko la Jumamosi pale Lyulilo, Matema. Mwaka nilioolewa nilikuwa nimefiwa na baba, nami naona haya kulia mbele ya wakwe. Mama hakuniuliza kitu. Alinipa bonge la udongo, tukakaa chini kivulini, akasema, "Mkono mmoja ndani, mmoja nje. Usikie ukuta."

Hawatumii gurudumu. Unazunguka na chungu taratibu, vidole vya ndani vinasukuma, vya nje vinapokea. Ukuta ukikaribia kuwa mwembamba mno, ncha za vidole hujua kabla ya macho: unalegea, unaanza kutetemeka kidogo. Wifi yangu alikuwa na mikono mizito, akitoboa kila mara. Mimi sikutoboa. Mama alipitisha kidole kwenye chungu changu, akamwambia wifi, "Huyu anasikia." Neno lile nilitembea nalo wiki nzima, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa nikigombezwa kwa kusikia kupita kiasi.

Angalia Kiswahili chetu: sauti tunaisikia, baridi tunaisikia, uchungu tunausikia. Pale stendi unasikia vitu mia kwa mpigo. Kwenye udongo unasikia kimoja, na hicho kimoja kinataka usikivu wako wote. Mimi huo ndio utulivu niliouona.

Kutojua kuchora kusikutishe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kufanya sanaa watakavyo, udongo wa kuchezea ukiwa miongoni mwa vifaa. Kwa watu kama 75 katika kila 100, kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, ilishuka. Wazoefu na wasiojua kitu hawakupishana. Utafiti ni mdogo, lakini unalingana na niliyoyaona mwenyewe.

Kuhusu kunata, udongo unaonata ni ule wenye maji mengi. Waulize kina mama wanaouza vyungu sokoni wanachimba wapi, usichimbe popote tu. Ukishaupata, viringisha kipande chembamba kama kidole, kizungushe kwenye kidole chako. Kikipasuka ovyo, mchanga umezidi. Ukiwa mzuri, toa mizizi na kokoto, loweka kwenye ndoo siku mbili tatu, mwaga maji ya juu, kisha tandaza kwenye kitambaa kikuukuu mpaka ukishika hauachi alama mkononi. Weka bakuli la maji pembeni, unawe utakapo. Vumbi la udongo mkavu usilifagie, lifute kwa kitambaa kibichi, maana si zuri kwa mapafu.

Haraka ndiyo adui. Chungu changu cha kwanza nilikipenda mno, nikalazimisha kichomwe siku ya tatu. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta yaligeuka mvuke, chungu kikalia *paa!* motoni. Niliruka, nikalia kweli. Mama aliokota vigae akavitwanga, ili vichanganywe kwenye udongo mwingine, maana unga wa vigae husaidia udongo usipasuke. Chako kianike kivulini, si juani, wiki mbili au zaidi. Usipokichoma pia si neno. Na usikubali mtu akuambie ukiuze. Bei ikishaingia, utaanza kusikia wateja badala ya udongo.

Jambo moja nakusihi: ukiona hulali, huli, au machozi hayana sababu tena, nenda kamwone daktari. Udongo hauchukui nafasi yake.

Jumapili yako ya kwanza usifinyange chochote. Kanda tu, kama unavyokanda unga wa maandazi, kwa viganja, ukisukuma mbele na kukunja, robo saa au zaidi, mpaka upepo utoke. Simu iache chumba kingine. Ukimaliza, lifunge bonge kwa kitambaa kibichi, liweke kwenye ndoo yenye mfuniko, sukuma uvunguni. Udongo ukilala hulainika, kwa hiyo Jumapili inayofuata utaukuta mtiifu zaidi. Kisha niandikie uniambie vidole vimesikia nini.