Barua kwa mwanangu: mfupa wa chini korongoni si lazima uwe wa kale zaidi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza: kama tabaka la chini ndilo la kale, je, mfupa uliookotwa kwenye sakafu ya korongo la Oldupai ndio wa kale kuliko yote? Hapana. Angalia tabaka lililoufukia, usiangalie mahali ulipookotwa.

Mashapo hutuama moja juu ya jingine. Oldupai, chini kuna lava, juu yake Tabaka la I, kisha la II, la III ambalo upande wa mashariki ni jekundu, halafu la IV. Fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, au Zinj kwa kifupi, alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1959, ni la Tabaka la I. Lile la zamadamu mwingine, OH 9, linahesabiwa kwenye sehemu ya juu ya Tabaka la II. Basi Zinj ametangulia, na hilo halihitaji maabara. Ametangulia kwa miaka mingapi? Hapo matabaka hayana jibu. Hupimwa potasiamu na gesi ya agoni inayotokana nayo ndani ya majivu ya volkano.

Shida huanza mvua inapomomonyoa genge, mifupa ikaporomoka. Ukiuona mmoja chini, usiunyanyue kwanza. Weka alama, piga picha, kisha chunguza udongo uliong'ang'ania kwenye vitundu vyake. Ukiwa mwekundu ilhali mfupa umelala juu ya Tabaka la I, ujue umeshuka. Panda mteremko ukifuata vipande vingine. Vinapokoma, chimbuko liko karibu. Chekecha udongo uliolegea, halafu chimba kuingia ndani ya genge mpaka ufikie mwamba ambao haujavurugwa. Ukipata kipande kimenasa humo, pima umbali wake hadi tabaka la majivu lililo karibu. Majivu yalianguka eneo kubwa kwa wakati mmoja, ndiyo maana yanaunganisha kuta mbili za korongo. Ila yatambue kwa madini yake, rangi hudanganya.

Hata mfupa ulionasa unaweza kukupotosha. Mwaka 1913 mwanajiolojia Hans Reck alikuta mifupa kamili ya mtu mmoja ndani ya Tabaka la II, akaamini ni ya umri wa tabaka hilo. Baadaye udongo ulioizunguka ukachunguzwa: ulikuwa na punje nyekundu kama za Tabaka la III na vipande vya chokaa kama vya Tabaka la V, lililo juu ya hayo mengine. Vitu hivyo vingeingiaje humo kabla matabaka yenyewe hayajakuwepo? Lilikuwa kaburi, lililochimbwa muda mrefu baadaye. Mifupa ile ina kama miaka 17,000, na Tabaka la II linazidi milioni moja.

Jihadhari pia na nyufa za ardhi. Upande mmoja ukishuka, tabaka lile lile huonekana katika vimo viwili tofauti, kwa hiyo usilinganishe mita kabla ya kuyapata majivu yale yale pande zote mbili.

Ukienda huko, nitumie picha ya genge, na usisahau kusimamisha fimbo ya kipimo ndani yake.

Mama yako