Umeacha kujichubua na uso unawaka: usiurudie mkebe

Ujumbe unaotujia kutoka Kisauni hadi Likoni, Mombasa, ni mmoja: nimeacha krimu ya kung'arisha, uso umekuwa mwekundu, unawasha, kidevu kimejaa vipele, na mashoga wananiambia niirudie. Usiirudie, dadangu.

Kuacha siko kulikokuharibu. Krimu nyingi za kung'arisha zina clobetasol au betamethasone, steroidi zinazobana mishipa ya damu na kuzima uvimbe. Zikiondoka, mishipa hufunguka na moto wote hutokea pamoja. Ukipaka tena unatulia, na hapo ndipo wengi wanaponaswa kwa miaka.

Soma boksi. Likiandikwa mercury, mercurio au calomel, hiyo ni zebaki, inayoingia mwilini na kuumiza figo: acha leo. Haidrokwinoni (hydroquinone), dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, pia acha mara moja. Steroidi uliyoipaka kila siku kwa miezi, hasa mwili mzima, muone daktari wa ngozi akupangie namna ya kuipunguza. Mkebe wa kukorogewa dukani, usio na maandishi, uhesabu una yote matatu: acha, na umuone daktari huyo.

Sasa punguza vitu. Asubuhi maji ya vuguvugu pekee. Usiku sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, bila dodoki. Kausha kwa kugusagusa, kisha losheni isiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Vaselini iweke panapobanduka tu. Kwa joto la kaskazi ukiipaka uso mzima, jasho linanaswa chini yake na vipele vinazidi. Ndimu na dawa ya meno, hapana kabisa.

Liwa najua italeta ubishi. Ina heshima yake, lakini kuisugua ikishakauka juu ya ngozi iliyochubuka ni kuikwaruza, na marashi yanayochanganywa humo huchoma. Ingoje mpaka uso utulie.

Kazi kubwa ni jua. Chukua krimu ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, ujaze mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mmoja juu ya cha kati, kwa uso na shingo. Wengi hupaka robo hadi nusu ya hiyo, kisha wanalalamika haifanyi kazi. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Bora yenye rangi ya ngozi, maana oksidi ya chuma iliyomo hukinga hata mwanga unaoonekana, ambao huzidisha madoa kwenye ngozi nyeusi. Nikabu husaidia, ila paji na chini ya macho hubaki wazi, na kwenye foleni ya feri maji nayo hurudisha mwanga usoni.

Vipele huchukua wiki, pengine miezi. Daktari anaweza kukupa antibayotiki. Madoa ya buluu-kijivu mashavuni mara nyingi ni ya haidrokwinoni yenyewe, kwa hiyo usishawishiwe kuyafuta kwa haidrokwinoni nyingine. Macho yakififia, miguu ikivimba, mkojo ukiwa na povu, au ukiwa mjamzito na ulikuwa ukipaka ya zebaki, nenda hospitali na mkebe wako mkononi.